Kitelezi
Kitelezi (wingi: vitelezi) ni kidhibiti kinachosogezwa kwa mstari ulionyooka kwenye meza ya kuchanganyia sauti. Jina latokana na kitenzi teleza.

Kidhibiti cha kuzungusha hushughulisha mkono mzima. Vitelezi kadhaa huendeshwa pamoja kwa vidole vya mkono mmoja. Tom Dowd wa Atlantic Records, Marekani, alikuwa miongoni mwa waliotangulia kuvitumia, miaka ya 1950.

Mfasiri atahadhari. Kwa kawaida, kusukuma kitelezi mbele huongeza sauti. Katika meza za zamani za BBC, Uingereza, kukivuta nyuma ndiko kulikoiongeza. Hivyo “pandisha kitelezi” huweza kupotosha. Taja mwendo na tokeo: “Sukuma kitelezi mbele ili kuongeza sauti.”