Kijana Wako Akitoka kwa Baiskeli Siku Nzima



Likizo ya Agosti au Desemba ikifika, vijana hupenda kutoka kwa baiskeli tangu asubuhi, wakamwone nyanya yao ng'ambo ya vilima. Njia za ndani, zile zinazopita kwenye mashamba ya majani chai kule Kebirigo na Nyansiongo, hazina malori mengi kama barabara kuu ya Kisii kwenda Keroka. Kwa hiyo mzazi hutulia moyo. Lakini njia hizo zina miteremko na changarawe, na mtoto akianguka huko, msaada uko mbali.

Sikwambii umkataze. Baiskeli huimarisha moyo na mapafu, ya msichana sawa na ya mvulana. Wako wanaosema eti msichana akipanda baiskeli hatazaa. Huo ni uvumi mtupu. Kizazi kiko ndani ya nyonga, tandiko haliwezi kukifikia. Hakikisha tu sketi au leso haitanaswa na cheni.

Kabla hajaondoka, aisukume baiskeli kwenye mteremko wa karibu na nyumbani, kisha abane breki moja moja. Gurudumu likiendelea kuzunguka, hakuna safari mpaka fundi aitazame. Nyingi za baiskeli zetu, hizi blakimamba za kubebea ndizi, zina breki za mpira unaobana rimu ya chuma. Rimu ikilowa, mpira huteleza. Mvua ikinyesha, ashuke atembee.

Asubuhi ale ashibe: uji wa wimbi na viazi vitamu vyatosha kabisa. Abebe maji yaliyochemshwa na ndizi mbivu, anywe kidogo kidogo bila kungoja kiu. Mji wa Kisii uko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na kwa ajili ya ubaridi huu mtoto hupoteza jasho jingi bila kujua.

Sasa tusikilizane vizuri. Mtoto mdogo akibebwa kwenye keria, mguu wake huweza kuingia kwenye spoki. Usiuvute kwa nguvu. Simamisha gurudumu, lirudishe nyuma polepole, au spoki zikatwe. Osha jeraha kwa maji safi na sabuni, lifunike kwa kitambaa safi, umpeleke kituo cha afya hata kama linaonekana dogo. Ngozi iliyopondwa yaweza kuwa nyeusi na kufa baada ya siku kadhaa. Usipake mafuta ya taa wala udongo. Chukua kadi yake ya kliniki, ili muuguzi aone kama chanjo ya pepopunda imekamilika.

Jeraha linalotudanganya zaidi ni la usukani kumpiga mtoto tumboni. Nje huoni kitu, pengine alama ya duara tu, kumbe bandama au ini limepasuka na damu inavuja ndani. Tumbo likizidi kuuma, akitapika, akiwa mweupe midomoni au akilegea, usimpe chai wala dawa ya maumivu ukingoje kesho. Mpeleke hospitali saa hiyo hiyo.

Kichwa nacho chataka kofia ngumu iliyofungwa kidevuni. Bila kufungwa, itaruka kabla yeye hajafika chini. Akianguka kichwa, mwangalie siku mbili. Kutapika mara kwa mara, usingizi usio wa kawaida, kuongea ovyo, degedege, damu au maji kutoka sikioni: yote hayo ni ya hospitali, hata usiku.

Tena mwambie apange kufika kabla ya alasiri. Mvua zetu nyingi huja saa hizo, na sote twajua radi ya Kisii na Nyamira. Akisikia ngurumo, aiache baiskeli, asijikinge chini ya mti, aingie katika nyumba iliyo karibu. Mtu akipigwa na radi, wengi huogopa kumgusa wakidhani ana umeme. Hana. Mguseni mara moja. Kama hapumui, mlazeni chali juu ya ardhi ngumu, mtu mmoja akandamize katikati ya kifua kwa mikono miwili, kwa nguvu na kwa haraka, bila kuacha, huku mwingine akitafuta gari.