Baridi Yabisi Ufipa (2): Mchango Unaozaa Dawa

Sehemu ya kwanza ilieleza jinsi, katika ugonjwa wa baridi yabisi, kinga ya mwili inavyokosea adui na kuushambulia utando laini wa ndani ya viungo. Swali linaloulizwa zaidi huku kwetu Kaengesa ni kama ugonjwa huu hauletwi na baridi ya Ufipa. Hauletwi nayo. Juni na Julai maumivu yanaweza kuhisiwa zaidi, lakini wagonjwa wapo Unguja, Dar es Salaam na Muscat, kwenye joto la kumwaga jasho. Nalisisitiza jambo hili kwa sababu anayeamini ni baridi husubiri msimu upite, na kusubiri ndiko kunakoharibu mikono. Mara nyingi mifupa huanza kuliwa ndani ya miaka miwili ya mwanzo, na kilicholiwa hakirudi.

Wanawake huupata mara mbili hadi tatu zaidi ya wanaume. Mama huamka vidole havikunjiki. Kufunga kitenge ni kazi, kushika mwiko ni kazi. Jua likipanda vidole hulegea, naye hubeba jembe kwenda kuinua matuta ya kufukia majani kama kawaida. Jirani aliyemwona saa nne akilima haamini kwamba saa kumi na mbili alishindwa kufungua mlango. Kwa hiyo huitwa mvivu, au husemwa karogwa, na hayo mawili huumiza kuliko vidole. Basi tazameni dalili: viungo vidogo vya mikono au miguu kuvimba pande zote mbili, kukakamaa asubuhi kwa nusu saa, saa moja au zaidi, maumivu makali ukibanwa vifundo vya vidole kwa pamoja. Hali hiyo ikidumu majuma sita, mwenye dalili hizo aende hospitali, asiishie duka la dawa.

Diklofenaki hutuliza maumivu, haizuii uharibifu. Prednisoloni hushusha uvimbe upesi, lakini ikinywewa miaka bila usimamizi hudhoofisha mifupa, hupandisha sukari na kufungua mlango kwa kifua kikuu. Dawa inayotangulia duniani kote ni methotreksati, nayo imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Hunywewa mara moja kwa wiki. Narudia: kwa wiki, si kwa siku, wapo waliokufa kwa kosa hilo. Huambatana na asidi ya foliki na vipimo vya damu na ini, haifai kabisa kwa mjamzito, na anayeitumia ajiepushe na pombe, ya ulezi ikiwemo.

Na dawa mpya zaidi za ugonjwa huu zimetoka wapi? Hapa ndipo penye jambo lililonifanya niandike mfululizo huu. Uingereza, mwaka 1936, lilianzishwa baraza la kukusanya fedha za utafiti wa magonjwa ya viungo. Watu wa kawaida waliuza keki, walitembea masafa marefu, waliacha urithi. Mwaka 1966 ikafunguliwa London Taasisi ya Kennedy, kwa fedha za familia ya Mathilda na Terence Kennedy, na baraza lile likaendelea kuilisha kwa miaka mingi. Humo Marc Feldmann na Ravinder Maini walibaini kwamba kemikali moja ya mwili, TNF, ndiyo kichocheo kikuu cha uvimbe. Mwaka 1992, katika Hospitali ya Charing Cross, waliwapa wagonjwa 20 dawa ya kuizima. Wagonjwa waliochoka kwa miaka walipata nafuu ndani ya majuma machache. Maini huyo alilelewa Uganda. Baba yake, Amar Maini, alikuwa meya wa kwanza wa Kampala. Mtoto wa Afrika Mashariki alishiriki kubadili tiba ya ugonjwa huu, kwa fedha za wachangiaji wa mbali ambao wengi wao hakuwajua kwa majina.

Lakini utafiti wa London haujibu maswali ya Rukwa. Dawa za kuzima TNF huweza kuamsha kifua kikuu kilicholala mwilini, na kwetu kifua kikuu si hadithi. Kipimo cha damu cha baridi yabisi huweza kuonyesha ugonjwa usiokuwepo, kwa sababu maambukizi ya muda mrefu, kichocho kikiwemo, huleta majibu yale yale. Wilayani Hai, watafiti wa Moshi wakishirikiana na Chuo Kikuu cha Glasgow wamepita kaya kwa kaya kuchunguza magonjwa ya viungo na mzigo wake kwa familia. Fedha zilitoka Uingereza. Nawashukuru waliozitoa, na bado inanikera kwamba hazikutoka kwetu.

Maana kuchanga tunajua. Harusi huchangiwa kwa kadi na kamati, msiba kwa daftari, parokia kwa mavuno. Tangu 2002 watu hupanda Mlima Kilimanjaro kila mwaka kuchangia mapambano dhidi ya UKIMWI, chini ya mgodi wa Geita na Tume ya Kudhibiti UKIMWI (TACAIDS). Tunachangia nauli ya mgonjwa kwenda Mbeya, na ni vema. Kumchangia mtu atakayetuambia wagonjwa wangapi wako Ufipa, na wanachelewa wapi, hatujazoea. Mchango wa namna hiyo hauhitaji mamilioni kuanza: daftari la wagonjwa katika hospitali ya mkoa, mafunzo ya siku chache kwa waganga wa zahanati wajue kubana vifundo na kuuliza habari za asubuhi, nauli ya kufuatilia waliokatiza dawa. Utafiti kwa binadamu unahitaji kibali cha maadili, na kibali cha kitaifa husimamiwa na Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR). Kamati isiyoanzia huko isipewe hata shilingi.

Sehemu ya tatu itaeleza jinsi kamati ya namna hiyo inavyoundwa, akaunti inavyotunzwa, na matokeo yanavyorudishwa kwa waliochanga.

(Itaendelea)