Brashi ya kunyolea: Bidhaa ndogo inayoweza kumeza faida ya duka

IZIGO, Muleba

Brashi ya kunyolea ndevu ni miongoni mwa bidhaa ambazo mwenye duka hununua bila kuzikagua. Huchukuliwa pamoja na nyembe, sabuni na mafuta ya kupaka, na anayelipa gharama ya uzembe huo ni mfanyabiashara mwenyewe pale mteja anaporudi na brashi iliyonyonyoka.

Tuchukue mfano wa duka la Izigo lililonunua brashi 10 kwa sh. 2,500 kila moja ili liziuze kwa sh. 4,000. Zikiuzwa zote bila tatizo, faida ghafi ni sh. 15,000. Lakini wateja watatu wakirudishiwa fedha zao, mauzo yanabaki sh. 28,000 dhidi ya mtaji wa sh. 25,000. Faida inashuka hadi sh. 3,000 kabla ya nauli ya kufuata mzigo.

Aina nne sokoni

Brashi hutofautiana kwanza kwa nywele zake. Ya nywele za nguruwe ni ngumu kidogo na kwa kawaida bei yake ni nafuu. Hutakiwa kulowekwa dakika chache kabla ya kutumika, na hulainika baada ya wiki kadhaa za matumizi. Muuzaji analazimika kumweleza mteja asili ya nywele hizo, kwani Mwislamu hatapenda kuigundua baada ya kulipa.

Ya nywele za farasi hutokana na mkia na shingo, na ulaini wake uko katikati. Ya tatu, ambayo ndiyo ghali zaidi, ni ya manyoya ya mnyama wa Ulaya na Asia aliye wa jamii moja na nyegere wetu. Sehemu kubwa ya manyoya hayo hutoka China. Hushika maji mengi na kutoa povu haraka.

Ya nne ni ya nyuzi za kiwandani. Zamani ilidharauliwa kwa kuwa haikushika maji, lakini nyuzi za siku hizi ni nyembamba na laini. Haihitaji kulowekwa, hukauka upesi na haina utata wa dini.

Kwa ukanda wa Bukoba na Muleba, sifa ya kukauka upesi ina uzito wake. Mji wa Bukoba hupata mvua ya karibu milimita 2,000 kwa mwaka, na brashi ya nywele za mnyama isiyokauka vizuri huota ukungu na kutoa harufu. Kwa upande mwingine, maji ya mvua yanayokingwa kwenye mapaa hayana chumvichumvi, hivyo hutoa povu jingi kwa sabuni kidogo.

Jinsi ya kukagua

Kabla ya kulipia dazeni, mnunuzi wa jumla achague moja bila mpangilio na kuipima.

Kwanza, azivute nywele polepole kwa vidole. Brashi mpya kudondosha nywele mbili tatu ni kawaida. Zikitoka kwa kifungu, gundi ni mbovu. Pili, ashike mpini na kuzungusha fungu la nywele. Likicheza, maji yataingia na fungu litang'oka. Tatu, abonyeze ncha kwenye kiganja: zisichome, na zikiachwa zirudi mahali pake.

Nne, kama muuzaji anadai nywele ni za mnyama, achome unywele mmoja. Wa mnyama hunuka kama nywele zilizoungua na kubaki majivu yanayosagika. Wa kiwandani huyeyuka na kuwa kidonge kigumu. Jaribio hili halitaji ni mnyama gani, lakini linatosha kumzuia mtu asilipe bei ya manyoya kwa kununua nailoni.

Mpini wa mbao usiopakwa vanishi ya kutosha hupasuka kwa maji. Wa plastiki nzito ni salama zaidi. Kwa matumizi ya kawaida, kipenyo cha fungu la milimita 20 hadi 24 kinatosha.

Afya ya mteja

Brashi ina historia ya kuogopesha. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, 1914 hadi 1918, watu waliugua kimeta Uingereza na Marekani baada ya kunyolea brashi za nywele ambazo hazikusafishwa ipasavyo viwandani. Mwaka 1920 Uingereza ilipiga marufuku brashi za kunyolea kutoka Japani. Mwekezaji mdogo anayefikiria kutengeneza brashi kwa mikia ya ng'ombe wa Kagera azingatie hilo: kimeta kipo nchini, na nywele mbichi zisizouliwa vijidudu si malighafi ya kupaka mtu usoni.

Kwa vinyozi, hatari iko katika kutumia brashi moja kwa kila kichwa. Hueneza fangasi na usaha wa vipele, na inaweza kubeba damu kutoka kidevu hadi kidevu. Mkoa wa Kagera ndiko wagonjwa watatu wa kwanza wa Ukimwi nchini walikoripotiwa mwaka 1983, na wateja wake wanajua kwa nini wembe hautumiwi na watu wawili. Kuchemsha brashi hakufai, kwani huharibu gundi na nywele. Njia nafuu ni kumuuzia kila mteja wa kudumu brashi yake aende nayo nyumbani, jambo ambalo pia ni biashara.

Muuzaji asiahidi kwamba brashi inatibu vipele vya ndevu. Kazi yake ni kulainisha na kunyanyua ndevu ili wembe upite kwa urahisi.

Kuweka akiba

Mzunguko wa fedha vijijini Kagera hufuata malipo ya kahawa, ambayo mavuno yake huanza karibu na mwezi Mei. Duka dogo lisifunge mtaji wake kwenye brashi za bei ya juu kabla ya hapo. Brashi tano au sita za nyuzi za kiwandani zilizokaguliwa, pamoja na moja au mbili za manyoya kwa mteja aliyeagiza, zinatosha kupima soko. Na kila mnunuzi aelezwe kusuuza brashi, kuikung'uta na kuitundika nywele zikitazama chini. Maelezo hayo hayana gharama, na hupunguza idadi ya wanaorudi kudai fedha zao.