Mzigo na Mbebaji: Kupanga Mwaka wa Kusoma kwa Mada Moja huko Piana-Mwanga

1. Utangulizi

Makala haya yanaeleza namna mwaka mzima wa kusoma unavyoweza kupangwa kwa kufuata mada moja, katika mazingira ambamo vitabu ni haba na wasomaji wanatumia Kiswahili kinachotofautiana na kile kilichomo vitabuni. Mahali panapochukuliwa kuwa mfano ni Piana-Mwanga, katika mkoa wa Tanganyika, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo.

Desturi ya kujiwekea changamoto ya kusoma imeenea duniani. Mwaka 2012 mwandishi Ann Morgan wa London alijiwekea sharti la kusoma kitabu kimoja kutoka kila nchi, na orodha yake ikafikia nchi 196. Zamu ya São Tomé na Principe ilipofika, hakupata kitabu kilichokwisha kutafsiriwa kwa Kiingereza. Watu wa kujitolea wakagawana sura za kitabu cha Kireno na kumtafsiria. Kisa hicho kina mafunzo mawili. Kwanza, sharti lililo wazi humpa msomaji mwelekeo. Pili, sharti hilohilo hufichua pengo ambalo asingeliona kama angesoma bila mpango.

Hata hivyo, changamoto ya aina hiyo imejengwa juu ya idadi, na idadi humfaa aliye karibu na maduka ya vitabu na posta. Hoja ya makala haya ni kwamba, pale vitabu vilipo vichache, mada ifaayo ni swali ambalo wasomaji wanaishi nalo tayari, na kwamba utaratibu wa kutanguliza kitabu kimoja na kuchelewesha kingine ndio unaoamua swali hilo litasikika kwa sauti ya nani.

2. Mahali na lugha yake

Piana-Mwanga, ambayo huandikwa pia Mpiana-Mwanga, iko kwenye mto Luvua, mto utokao ziwa Mweru na kuungana na Lualaba. Jina lake linajulikana hasa kwa sababu ya kituo cha umeme kilichojengwa hapo katika miaka ya 1930 kwa ajili ya machimbo ya bati ya Manono. Kwa hiyo historia yake haitenganishiki na historia ya kazi: nguvu za maji zilitolewa hapa, zikatumika kule.

Historia ya Kiswahili katika upande huu wa ziwa Tanganyika nayo ni historia ya kazi. Lugha iliingia na misafara ya pembe za ndovu na watumwa katika karne ya 19. Baadaye wamisionari waliitumia kufundishia; Mababa Weupe walikabidhiwa kituo cha Mpala, kwenye ufuko wa ziwa, mwaka 1885, na katika mazingira hayo ndimo alimotoka Stefano Kaoze, Mkongo wa kwanza wa enzi hizo kupewa upadri, mwaka 1917. Utawala wa Kibelgiji, reli na migodi vikaieneza zaidi. Leo Kiswahili ni mojawapo ya lugha nne za taifa zilizotajwa katika Katiba ya mwaka 2006, pamoja na Kikongo, Kilingala na Tshiluba.

Kiswahili kilichokua kwa njia hiyo kina sura yake. Msemaji wa Katanga ya zamani husema *batu* pale Kiswahili sanifu kinaposema *watu*, na *mayi* pale panaposemwa *maji*. Tofauti hizo hazimzuii msomaji kwa muda mrefu. Zinazomzuia zaidi ni zile zilizojificha. Neno *kutumika* katika Kiswahili cha Katanga lina maana ya kufanya kazi, ilhali katika Kiswahili sanifu kitu kinachotumika ni chombo mikononi mwa mtu. Msomaji akilipita neno hilo bila kusita, sentensi nzima humgeukia. Akilisimamia na kuuliza mfanyakazi na chombo vinatenganishwa na nini, amekwisha kuingia katika mada ya mwaka.

3. Kuchagua mada

Mada pana kama "historia" au "Afrika" haisaidii, kwa kuwa haikatazi kitabu chochote. Mada finyu mno nayo hukosa vitabu. Kipimo kinachopendekezwa ni hiki: mada iwe ni neno moja ambalo mtoto na mzee wa mahali hapo wanaweza kulitolea mfano papo hapo, bila kufungua kitabu.

Neno lililochaguliwa hapa ni *mzigo*. Mpagazi wa msafara alibeba pembe; mateka alibeba na mwenyewe akahesabiwa kuwa mali; boi wa mjini alibeba vikapu vya bibi wa Kizungu; kuli wa bandarini alibeba magunia; mama wa kijijini anabeba maji na kuni. Neno hilo lina pia maana za ndani: deni ni mzigo, na ujumbe ni mzigo. Swali linaloongoza mwaka ni fupi: nani anabeba, na nani anasimulia? Mara nyingi anayebeba siye anayesimulia, na umuhimu wa mpango unatokana na jambo hilo.

4. Vitabu sita na utaratibu wake

Mwaka unaanza Septemba, shule zinapofunguliwa, na kila kitabu kinapewa miezi miwili. Vitabu sita vinatosha. Msomaji aliyevielewa sita amepata zaidi ya aliyevipitia ishirini.

*Septemba na Oktoba.* Kitabu cha kwanza ni historia ya mji wa Elisabethville, yaani Lubumbashi ya leo, iliyoandikwa na André Yav mwaka 1965 kwa niaba ya chama cha watumishi wa nyumbani wa zamani. Johannes Fabian aliichapisha pamoja na maelezo mwaka 1990, na matini yake yamewekwa pia katika hifadhi ya Kiswahili cha wananchi kwenye intaneti, ambako yanaweza kuchapwa kwa karatasi. Inatangulizwa kwa sababu imeandikwa kwa Kiswahili cha Katanga na kwa mtazamo wa watu waliotumwa. Msomaji wa Piana-Mwanga anaona usemi unaokaribia wake ukiwa maandishi, jambo ambalo shule haikumzoesha.

*Novemba na Desemba.* Mvua zimeanza na kazi za shamba ni nyingi, hivyo kinafaa kitabu kifupi. *Kusadikika* cha Shaaban Robert (1951) kinamleta msomaji kwenye Kiswahili sanifu kwa lugha iliyopangwa vizuri. Karama, aliyeshtakiwa kwa kutaka kufundisha sheria, anajitetea kwa kusimulia habari za wajumbe sita waliotumwa nchi za mbali, wakarudi na maarifa, wakalipwa kifungo. Mzigo hapa ni ujumbe, na swali ni kwa nini nchi inamwadhibu aliyeubeba.

*Januari na Februari.* Zamu ya tatu ni ya maisha ya Hamed bin Muhammed el-Murjebi, yaani Tippu Tip, aliyefariki Unguja mwaka 1905. Maelezo yake, aliyoyatoa mwenyewe kwa Kiswahili, yalichapwa na Heinrich Brode mwaka 1902 na 1903, kisha yakatolewa tena na W. H. Whiteley mwishoni mwa miaka ya 1950. Kwa msomaji wa bonde la Luvua kitabu hiki ni cha karibu mno. Kinataja Itawa, nchi ya Nsama iliyo kati ya ziwa Tanganyika na ziwa Mweru, na Urua, jina walilolitumia watu wa misafara kwa nchi ya Waluba. Mwaka 1867 David Livingstone alikutana na Tippu Tip katika maeneo hayohayo ya kusini.

Ni rahisi kudhani kwamba kitabu kinachotaja nchi ya jirani ndicho kinachostahili kufungua mwaka. Hilo lingekuwa kosa. Tippu Tip anasimulia kwa ufasaha na kwa kujiamini. Anayeanza naye huiingia njia akiwa upande wa mwenye bunduki, na babu zake mwenyewe huonekana kwa mbali, kama watu wa kushindwa na kutozwa. Msomaji aliyekwisha kupita kwa Yav ana mazoea ya kuuliza nani amebeba. Zoezi linalopendekezwa ni kugawa ukurasa wa daftari sehemu mbili: upande mmoja yaandikwe mali yaliyohesabiwa kwa frasila, upande wa pili waandikwe wapagazi waliotajwa kwa majina. Kulinganisha pande hizo mbili kutafundisha zaidi ya mhadhara.

*Machi na Aprili.* *Uhuru wa Watumwa* cha James Mbotela (1934) kinahusu waliokamatwa, wakakombolewa na kukalishwa pwani ya Kenya. Kitabu hiki kinasimama upande wa waliochukuliwa, lakini kinawasifu Waingereza mno, na wahakiki wamekilaumu kwa sababu hiyo. Sifa hizo zisirukwe. Wasomaji wajadili kama mtu aliyetuliwa mzigo mmoja na mkono wa mgeni anaweza kuuona mzigo ambao mgeni huyo anamwandalia.

*Mei na Juni.* Kiangazi kinaruhusu riwaya ndefu. *Peponi*, tafsiri ya Ida Hadjivayanis (2022) ya riwaya ya Abdulrazak Gurnah iliyotolewa kwa Kiingereza mwaka 1994, inamhusu Yusuf, kijana aliyewekwa rehani kwa deni la baba yake na kuchukuliwa katika msafara wa bara. Baada ya kumsoma Tippu Tip, wasomaji wataitambua njia ileile, safari hii ikionekana kwa macho ya kijana ambaye mwenyewe ni malipo.

*Julai na Agosti.* Mwaka unafungwa na *Kuli* ya Adam Shafi (1979), inayohusu wapagazi wa bandari ya Unguja na mgomo wao wa mwaka 1948. Katika vitabu vitano vilivyotangulia mzigo unabebwa. Katika hiki wabebaji wanautua chini kwa pamoja. Kwa sababu hiyo kinastahili kuwa cha mwisho.

5. Nakala moja, sauti nyingi

Kitabu kinachotoka Dar es Salaam kinaweza kuja kwa reli, iliyofika Kigoma mwaka 1914, kisha kikavushwa ziwa hadi Kalemie, na kutoka hapo kikaingia bara. Njia ni ndefu, na mpango usitegemee kila msomaji kuwa na nakala yake. Nakala moja inatosha ikisomwa kwa sauti. Kitabu cha kurasa 200 kikigawanywa katika mikutano minane, mmoja kila juma, huwa kurasa 25 kwa mkutano. Wasomaji watatu wakipokezana, hakuna anayechoka.

Kusoma kwa sauti kuna faida nyingine isiyohusiana na uhaba. Maandishi ya Yav hayafuati kanuni za tahajia wala mipaka ya maneno, na Fabian mwenyewe aliyaelewa baada ya kusomewa na msemaji wa Kiswahili cha Shaba. Sikio lilifungua kile ambacho jicho lilikuwa limeshindwa. Asiyejua kusoma naye ana nafasi katika mkutano wa namna hii, na pengine ndiye atakayelitambua neno ambalo mwalimu hakulijua.

Mambo matatu yanatakiwa kutunzwa. La kwanza ni daftari la maneno, ambamo neno la Kiswahili sanifu na neno la mahali huandikwa sambamba, bila moja kuitwa kosa. La pili ni mtu mmoja wa kutunza nakala dhidi ya mvua na mchwa. La tatu ni juma moja la mapumziko baada ya kila kitabu, ili mkutano uliokosekana kwa msiba au kwa kazi ya shamba ufidiwe. Mpango usio na nafasi ya kuchelewa huvunjika mwezi wa pili.

6. Pengo

Kama ilivyoelezwa katika utangulizi, sharti la kusoma hufichua kinachokosekana. Waandishi wa vitabu sita vilivyotajwa ni wanaume wote, ilhali katika maisha ya kila siku wabebaji wengi ni wanawake. Kisa cha Bwanikwa, mwanamke mwenye asili ya Kiluba aliyepitia utumwa mara kumi, kilichapwa kwa Kiingereza na mmisionari Dugald Campbell mwaka 1916, na Marcia Wright alikichambua tena katika kitabu chake cha mwaka 1993 kuhusu watumwa na wanawake wa Afrika ya Mashariki na Kati. Kisa hicho kinathibitisha kwamba sauti hizo zilikuwepo na kwamba aliyetaka kuzisikiliza aliweza kuziandika.

Pengo hili linawapa wasomaji kazi ya mwaka wa pili. Wale waliokwisha kutunza daftari la maneno wanaweza kutunza daftari la masimulizi: bibi wa mahali hapo aulizwe alibeba nini, kutoka wapi, kwa ajili ya nani, na majibu yake yaandikwe kwa Kiswahili chake, kama alivyoyatamka, kwa ridhaa yake.

7. Hitimisho

Mwaka wa kusoma kwa mada hauhitaji maktaba kubwa. Unahitaji swali moja, vitabu vichache vilivyopangwa kwa sababu inayoelezeka, nakala inayosomwa kwa sauti, na daftari. Lililo muhimu zaidi ni utaratibu. Kiswahili kilifika Luvua pamoja na mizigo, na kwa muda mrefu aliyeandika habari za safari alikuwa mwenye mizigo. Wasomaji wakianza na maneno ya mtumishi ndipo waende kwa bwana wa msafara, watamsoma bwana huyo kwa makini, bila kumwogopa na bila kumwiga, na watajua pa kuanzia watakapoandika habari zao wenyewe.