Maji Yetu Yanaishia Baharini: Tunajifunza Nini kwenye Mlango wa Mto Kongo?

Ndugu na dada, wengi wetu katika makanisa ya mashariki hatujawahi kuiona bahari ya nchi yetu. Kutoka Bukavu hadi Muanda ni mbali kuliko kutoka Bukavu hadi Mombasa. Lakini maji yetu yanaijua njia. Ziwa Kivu humwagika katika mto Ruzizi, na Ruzizi huingia ziwa Tanganyika karibu na Uvira. Pale Kalemie maji hutoka ziwani kwa mto Lukuga, unaokwenda kuungana na Lualaba. Lualaba hupita Kongolo, Kindu na Ubundu hadi Kisangani, na kutoka hapo huitwa mto Kongo. Mto Ituri nao huingia Aruwimi, kisha Kongo. Ni maji ya Rutshuru na Semuliki tu, pamoja na majirani zao, yanayoelekea Nile.

Mwisho wa safari hiyo ni Banana, katika eneo la Muanda, jimbo la Kongo ya Kati. Tunaandika juu ya mahali hapo kwa sababu yanayotokea kule yanafanana na yanayotokea kwenye mito yetu midogo, na kwa sababu kuna jambo moja ambalo kila jumuiya inayotaka kulinda maji yake inapaswa kulielewa: sheria peke yake haitoshi, na nia njema peke yake haitoshi.

Mlango wa mto ni nini?

Mlango wa mto ni pale mto unapokutana na bahari. Bahari haitulii kama ziwa. Kila siku maji yake hujaa na kupwa, yaani hupanda ufukweni na kurudi tena. Yakijaa, maji ya chumvi huingia mtoni. Yakipwa, maji baridi ya mto husukuma kwenda nje. Kwa hiyo katika mlango wa mto maji huchanganyika, na mahali pamoja panaweza kuwa na chumvi asubuhi na kuwa na chumvi kidogo zaidi jioni.

Mimea mingi hufa katika hali hiyo. Mikoko, miti ambayo Wakongo wengi huijua kwa jina la Kifaransa palétuviers, ndiyo inayoiweza. Mizizi yake husimama juu ya tope kama miguu mingi. Katika aina kadhaa mbegu huanza kuota zikiwa bado kwenye mti mama, kisha huanguka topeni tayari kuwa miche. Kati ya mizizi hiyo samaki wadogo na kamba hujificha wasiliwe, na wengi wao wakikua hutoka kwenda baharini. Mvuvi anayetupa wavu mbali na pwani anaweza kuwa anavua samaki waliolelewa kwenye mikoko asiyoiona.

Mizizi hiyo pia hushika udongo ili mawimbi yasile ukingo. Na tope lililo chini yake hutunza kaboni kwa miaka mingi. Mikoko ikikatwa na tope likichimbuliwa, kaboni hiyo hurudi hewani na kuongeza joto la dunia.

Nabii Ezekieli aliona katika maono yake mto unaoshuka mpaka baharini, na pale ulipoingia palikuwa na samaki tele na wavuvi wakitandaza nyavu zao. Watu wa Muanda wanaweza kuyaelewa maono hayo bila mfafanuzi.

Mto mkubwa, pwani ndogo

Kongo ni mto wa pili duniani kwa wingi wa maji baada ya Amazon. Kwa wastani humwaga baharini karibu meta za ujazo 40,000 kila sekunde. Lakini pwani ya nchi yetu ni fupi sana, karibu kilometa 40 tu. Katika kipande hicho kidogo vimebanana vitu vingi: vijiji vya wavuvi, mikoko, fukwe ambako kasa wa baharini hupanda kutaga mayai, nguva wanaokula majani ya majini, visima vya petroli vilivyoanza kutoa mafuta miaka ya 1970, na bandari ya kina kirefu ya Banana, ambayo jiwe lake la msingi liliwekwa Januari 2022.

Chini ya maji kuna bonde refu linaloanzia ndani ya mlango wa mto na kwenda mbali katika bahari. Januari 2020, baada ya mto kufurika sana, poromoko la matope lilishuka katika bonde hilo kwa zaidi ya kilometa 1,000 na kukata nyaya za chini ya bahari. Intaneti ilidorora katika nchi nyingi za Afrika. Matope yaliyobebwa na mto kutoka bara yalikuwa yamefika mbali kuliko mtu yeyote angedhani.

Sheria zipo

Serikali haikukaa kimya juu ya mahali hapo. Mwaka 1992 ilianzisha hifadhi ya mikoko, inayosimamiwa na ICCN, shirika lile lile linalosimamia Virunga na Kahuzi-Biega. Mwaka 1996 hifadhi hiyo, yenye hekta 66,000, iliandikwa katika orodha ya Ramsar, mapatano ya mataifa ya kulinda maeneo yenye majimaji. Sheria ya mazingira ya Julai 2011 inadai kwamba kabla ya mradi mkubwa kuanza, madhara yake yachunguzwe na wananchi waulizwe. Sheria ya Februari 2014 juu ya ulinzi wa viumbe inaongeza nguvu ya hifadhi zote.

Ni sheria nzuri. Lakini panga halisomi gazeti la serikali. Mama anayenunua samaki wabichi pwani lazima awakaushe kwa moshi siku hiyo hiyo, la sivyo wataoza na mtaji wake utapotea. Kuni zilizo karibu ni za mikoko, na zinawaka vizuri. Kijana asiye na kazi anaweza kuchoma makaa ya mikoko na kuyauza mjini. Ukiwakataza watu hao bila kuwapa kuni nyingine wala faida yoyote, watakata usiku. Mlinzi mmoja hawezi kusimama kwenye kila kijito.

Sisi wa mashariki tunalijua jambo hili. Tangu amri ya Desemba 2017, mifuko ya plastiki imekatazwa nchini kote. Nani kati yetu hakupewa mfuko wa plastiki sokoni wiki hii?

Kijiji cha Gazi kilifanya nini

Ili kuona sheria na watu wakitembea pamoja, tuvuke bara hadi pwani ya Kenya, kusini mwa Mombasa, katika ghuba ya Gazi. Mito miwili, Kidogoweni na Mkurumuji, huingia hapo. Miaka ya 1970 mikoko ya Gazi ilikatwa kwa wingi ili kuwasha tanuri za chokaa na matofali. Sehemu nyingine zilibaki tope tupu, na hazikujirudia zenyewe. Katika miaka ya 1990 watafiti wa taasisi ya Kenya ya bahari na uvuvi walianza kupanda upya pamoja na wanakijiji, na kujifunza ni aina gani inayokubali wapi.

Kisha sheria ikafungua mlango. Sheria ya misitu ya Kenya ya mwaka 2005 iliruhusu wananchi waunde vyama vya misitu na kusimamia msitu wa serikali pamoja na serikali yenyewe. Kwa msingi huo, mwaka 2013 vijiji vya Gazi na Makongeni vilianza mradi unaoitwa Mikoko Pamoja. Waliahidi kulinda hekta 117 kwa miaka 20. Wataalamu hupima kaboni inayotunzwa, karibu tani 3,000 kwa mwaka, na watu na makampuni ya mbali hulipa kwa kila tani.

Fedha hizo hazikuishia mfukoni mwa mtu mmoja. Kuna kamati iliyochaguliwa na wanakijiji, na matumizi hujadiliwa mbele ya watu. Zimeleta maji ya bomba na vitabu vya shule. Pia walipanda mivinje, mti unaokua upesi, ili watu wapate kuni na nguzo bila kugusa mikoko. Wanawake wa Gazi walijenga njia ya mbao inayopita ndani ya mikoko, na wageni hulipa kutembea juu yake. Mwaka 2017 mradi ulipata tuzo ya Equator ya Umoja wa Mataifa.

Tusidanganyane: biashara ya kaboni ina maswali yake. Bei hupanda na kushuka, na kampuni ya mbali inaweza kulipa kidogo kisha ikaendelea kuchafua hewa. Lakini nguvu ya Gazi haiko kwenye kaboni tu. Sheria iliwapa wanakijiji haki, kamati iliwapa sauti, maji ya bomba yaliwapa sababu, na mivinje iliwapa kuni. Ukiondoa kimoja, vingine vinalegea.

Kupanda si lazima kuponya

Kuna kosa ambalo limefanyika katika nchi nyingi. Watu hukusanyika siku moja, hupanda maelfu ya miche ya mikoko topeni, hupiga picha, huondoka. Baada ya miezi michache karibu yote imekufa. Mara nyingi ilipandwa chini mno, mahali ambapo maji hukaa saa nyingi na mizizi kukosa hewa. Au ilipandwa aina moja tu mahali isipopenda. Au njia ya maji ilikuwa imezibwa na barabara, na hakuna aliyeifungua.

Wanaojua kazi huanza kwa kuuliza: kwa nini mikoko haioti hapa yenyewe? Ikiwa maji yamezuiwa, fungua maji kwanza. Ikiwa watu wanakata, shughulikia kuni kwanza. Mara nyingi, sababu ikiondolewa, mbegu huja zenyewe na maji. Swali hilo linafaa pia kwenye milima yetu. Tumeona siku za kupanda miti zikiwa na hotuba nyingi, na mwaka unaofuata mbuzi wamemaliza kila kitu.

Na sisi wa mashariki?

Tuseme ukweli: si kila chupa inayotupwa Bukavu itafika Banana. Nyingi hukwama njiani. Lakini zinakwama kwetu. Plastiki kutoka Bukavu imeziba mara nyingi mitambo ya umeme kwenye bwawa la Ruzizi, na sisi wenyewe tumekaa gizani. Udongo wa milima iliyovuliwa miti hushuka kwenye maji ambamo sambaza na ndagala huzaliana.

Nasi tuna milango yetu ya mito, pale mito inapoingia maziwani. Ni mahali pa samaki, pa mashamba mazuri na pa vijiji vingi. Na ni hapo hapo maji hurudi na hasira. Hatujasahau Mei 2023 huko Kalehe, pale Bushushu na Nyamukubi, ambako zaidi ya watu 400 walikufa mvua kubwa ilipoishusha milima juu ya nyumba. Mvua hatuwezi kuizuia. Lakini mlima wenye miti huishika kwa muda, na mlima mtupu huiachia yote kwa mara moja.

Sheria tunayo pia. Amri ya Agosti 2014 inaruhusu jamii ya mahali kuomba msitu wake wa kimila uwe msitu wa jamii kisheria, hadi hekta 50,000, bila kulipa na bila kikomo cha muda. Ombi hupelekwa kwa gavana wa jimbo, na mwami na wazee wanahusika. Vijiji kadhaa vya mashariki vimekwisha kufanya hivyo. Vingine havijasikia kwamba njia hiyo ipo. Kuwajulisha ni kazi ambayo kanisa linaiweza, kwa maana tuna washiriki katika kila kijiji na mkutano kila Jumapili.

Tunapendekeza basi kila jumuiya ianze na mto mmoja, ule ulio karibu na kanisa:

- Tembeeni kando yake na mwulize kinachouharibu: taka, kukata miti, kulima hadi ukingoni, au kuchimba mchanga.
- Waiteni wale wanaofanya hivyo, si kuwahukumu, bali kusikia wanaishije. Mama anayetafuta kuni anajua mengi kuliko mgeni wa semina.
- Tafuteni badala kabla ya kukataza: miti ya kuni inayokua upesi, majiko yanayopunguza makaa, mahali pa kukusanyia taka.
- Jueni sheria inayowasaidia, na mpeleke ombi kwa maandishi kwa mwami, kwa meya au kwa gavana, nakala ibaki kanisani.
- Salongo ya kusafisha ni nzuri, lakini chagueni kamati itakayobaki baada ya salongo, na itoe hesabu mbele ya watu wote.

Mtu wa Muanda hatujui majina yetu, wala sisi yake. Hata hivyo anapokea kila siku maji tuliyoyatumia, na hana namna ya kuyarudisha. Tunachoweza kumfanyia ni kuyaachilia yakiwa safi kuliko tulivyozoea, kuanzia na mto ule mmoja ulio karibu na kanisa letu.