Mpira Ulivuka Mstari?

Bila shaka unaukumbuka usiku wa Ijumaa, Aprili 5, 2024. Yanga walikuwa Pretoria, uwanja wa Loftus Versfeld, wakiwania nusu fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika dhidi ya Mamelodi Sundowns. Aziz Ki aliachia shuti, mpira ukagonga mtambaa wa panya, ukadunda chini na kurudi uwanjani. Mwamuzi Dahane Beida wa Mauritania hakutoa bao, wala VAR haikubadili kitu. Ikaisha 0-0, Yanga wakatolewa kwa penalti 3-2.

Huku kwetu, kuanzia Rusumo hadi Nyakanazi, watu walitoka vibanda umiza wakibishana. Jumapili ubishi ukatufuata hadi nje ya kanisa.

Nami nilikuwemo. Niliapa kwamba mpira uliingia. Sheria inataka mpira wote uvuke mstari wote. Mimi nilikuwa Ngara, nimekaa nyuma ya kofia ya mtu. Jirani yangu wa Simba naye aliapa kuwa haukuvuka. (Usiku uleule timu yake ilitolewa na Al Ahly kule Cairo, kwa hiyo tumwelewe.)

Na somo la Jumapili ile, katika makanisa mengi, lilikuwa Yohana 20, habari za Tomaso. Tumezoea kumsema vibaya. Lakini mtazame tena: wenzake wote walikuwa upande mmoja, naye akakataa kukiri jambo ambalo hakuliona. Bwana hakumfukuza. Alimwonyesha majeraha.

Wiki hiyohiyo niliitwa kuwa shahidi wa mpaka wa shamba. Majirani wawili wanagombea mistari michache ya migomba. Mmoja ni mwanakwaya mwenzangu, mwingine simfahamu sana. Je, msomaji, umewahi kuitwa hivyo? Nikiwa bado njiani nilikuwa nimeshajua mpaka unapita wapi, na ulipita pale alipotaka mwenzangu. Kumbukumbu la Torati 19:14 inakataza kusogeza mpaka wa jirani, nami nilikuwa karibu kuusogeza kwa mdomo tu, bila jembe.

Mwenyekiti wa kitongoji aliponiuliza, nilisema sikuwepo mpaka ulipowekwa, na kwamba sijui.

Jumapili iliyofuata tulisimama bega kwa bega kwenye sauti ya tatu. Hakunisalimu.