Kitenzi cha Kiingereza "assist" na Mitego Yake kwa Mfasiri

Mwanafunzi wa Kongo anayeanza kujifunza Kiingereza, aghalabu hukifikia akiwa tayari anakijua Kifaransa. Jambo hilo ni faida, kwani maelfu ya maneno ya Kiingereza yana asili ya Kifaransa. Hata hivyo ni mtego pia, kwa kuwa baadhi ya maneno hayo yamebaki na sura moja huku maana zake zikiachana. Mojawapo ni kitenzi "assist". Makala haya yanakusudia kueleza asili yake, matumizi yake na namna ya kukifasiri kwa Kiswahili.

1. Asili

Neno hili linatokana na kitenzi cha Kilatini "assistere", yaani kusimama karibu. Anayesimama karibu aweza kutazama tu, au aweza kutia mkono. Kifaransa kimehifadhi maana zote mbili na kuzitenga kwa sarufi: "assister à une réunion" ni kuhudhuria mkutano, bali "assister un malade" ni kumsaidia mgonjwa. Kihusishi "à" ndicho kinachoamua. Kiingereza cha leo kimeshika maana ya pili. Ile ya kuhudhuria imekuwa adimu, na mahali pake pamechukuliwa na "attend", neno ambalo nalo lina mtego wake, maana "attendre" ya Kifaransa ni kungoja.

2. Matumizi

Kiingereza kina "help", neno la kale la asili ya Kijerumaniki, linalofaa nyumbani na sokoni. "Assist" ni la lugha rasmi zaidi, na hubeba wazo la ziada: mwenye kazi ni mwingine, anayesaidia ni wa pili. Muuguzi anayempa mpasuaji vyombo anafanya "assist". Aliyemwopoa mtoto mtoni hakufanya hivyo, huyo ameokoa. Kadhalika katika kandanda, "assist" ni pasi iliyozaa bao, wala si bao lenyewe. Ngazi ya "assistant" katika vyuo vikuu vya Kongo, iliyo chini ya "chef de travaux", inatokana na wazo hilohilo la kumsaidia mwenye somo.

3. Hatari ya kutafsiri

Tuseme shahidi anaeleza kwa Kifaransa: "J'ai assisté au vol." Maana yake ni kwamba alikuwapo wizi ulipotendeka, akauona. Mfasiri asiye mwangalifu akiandika kwa Kiingereza "I assisted in the theft", amemgeuza shahidi kuwa mshirika wa wezi. Neno moja limemhamisha mtu kutoka benchi la mashahidi hadi kizimbani. Kosa hilohilo likiingia katika Kiswahili, "niliona wizi" huwa "nilisaidia wizi".

4. Upande wa Kiswahili

Kitenzi "kusaidia" kimetoka katika shina la Kiarabu linalohusu heri na bahati njema. Neno "suudi" ni la ukoo huohuo. Nacho hakiko peke yake. "Kuauni" ni kusaidia kwa lugha ya adabu na ya ushairi. "Kunusuru" ni kumwepusha mtu na balaa. "Kufadhili" ni kusaidia kwa mali au kwa hisani. "Kufaa" ni kuwa na manufaa kwa mwenzio wakati wa haja, kama wasemavyo wahenga: akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Pamoja na wingi huo, hakuna hata kimoja chenye maana ya kuhudhuria. Kwa hiyo Kiswahili humlazimisha mfasiri kuchagua, na kulazimishwa huko ni kinga.

5. Hitimisho

Mfasiri anayekutana na neno hili, liwe la Kifaransa au la Kiingereza, hana budi kujiuliza maswali mawili. Kwanza: je, mtu huyu alikuwapo tu, au alitenda? Ikiwa alikuwapo tu, basi "alihudhuria" au "alishuhudia". Pili: ikiwa alitenda, kazi ilikuwa ya nani? Ikiwa ilikuwa ya mwingine, "alisaidia" latosha. Ikiwa ilikuwa yake mwenyewe, ni lazima kutafuta kitenzi kingine. Atakayeyajibu maswali hayo kabla ya kushika kalamu hatamtia mtu asiye na hatia mashakani.